Wiki ya 15: hesabu za kuku wa kukua polepole kwenye nusu ekari

## Kisa chenyewe

Mwaka wa 2023 mama mmoja anayeishi kwenye vilima vya mpakani mwa Kisumu na Vihiga, magharibi mwa Kenya, alinunua vifaranga 300 wa kienyeji walioboreshwa. Aliwalea wiki 20, akawauza Desemba bei ikiwa juu kuliko mwezi mwingine wowote, na akapata hasara. Mwenyewe hakujua. Daftari lake lilionyesha faida ya shilingi 30,900, na alikuwa ameshaanza kuulizia vifaranga 500 kwa kundi la pili. Januari tuliketi jikoni kwake tukapiga hesabu upya, tukitia kila kilichotoka mfukoni, na ile faida ikageuka hasara ya shilingi 6,800.

Ameniruhusu nisimulie. Jina lake, kijiji na wanunuzi nimeviacha nje. Hapa nitamwita Mama. Kazi yangu ni kuwazungukia wafugaji wadogo nikiwa na mizani na daftari, na ingawa mimi si daktari wa mifugo, wengi huniita hivyo. Nakiri mapema kwamba wazo la kungoja Desemba nililiunga mkono mimi pia, kwa hiyo baadhi ya makosa utakayoyasoma ni ya mshauri.

## Alianzia wapi

Kwa miaka mingi Mama alikuwa na kuku wa kienyeji 15 hadi 20, wa kutotoa wenyewe. Asubuhi walifunguliwa, wakachakura kwenye shamba la mahindi na jaani, jioni wakarudi kwa konzi ya mahindi na mabaki ya ugali. Hawakumgharimu karibu chochote. Mgeni alipokuja kuku alichinjwa, ada ya shule ilipopungua majogoo wawili walipelekwa sokoni. Huo ni ufugaji wenye akili yake, na ninausifu, kwa sababu ardhi ilikuwa ikilisha kuku wachache inaoweza kuwalisha.

Kosa lilizaliwa pale watu walipochukua hesabu ya kuku 20 wakaizidisha mara 15. Katika semina moja aliambiwa kwamba kuku huria hujitafutia nusu ya chakula, kwamba hoteli za mjini hulipa shilingi 1,500 kwa kuku wa kilimo hai (“organic”), na kwamba huko Ulaya kuku wa kukua polepole ndiye mwenye bei. La mwisho ni kweli. Ufaransa wana alama ya Label Rouge, na kuku wa alama hiyo hachinjwi kabla ya siku 81, ilhali broila wa kawaida humaliza safari yake kwa wiki tano au sita. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya nazo humtengea kila kuku wa nyama mita za mraba 4 za malisho ya nje.

Semina haikumwambia kwamba yule kuku wa siku 81 wa Ufaransa amelishwa akashiba kila siku, na akifika siku hiyo ana zaidi ya kilo 2. Kuku wa Mama tuliwapima wakiwa na wiki 12, yaani siku 84. Wastani wao ulikuwa kilo 1.2. Kumbe “polepole” ya kule ni mwendo wa kasi ukiilinganisha na ya kwetu. Hesabu inayojengwa juu ya ndege yule haimfai ndege huyu.

## Maamuzi ya kundi la kwanza

Alichagua kienyeji walioboreshwa, wa aina iliyotokana na kazi ya kituo cha Naivasha cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kule Kaunti ya Nakuru. Broila aliwakataa kwa sababu jirani yake alikuwa amebanwa: broila akishafika uzito, kila siku anayokaa bandani anakula faida, na mabroka wanalijua hilo, basi huja wamechelewa makusudi ili wapewe bei ya chini. Mama alitaka kuku anayeweza kungoja. Neno hilo, “anayeweza kungoja”, ndilo lililomponza baadaye.

Alizungushia nusu ekari wavu na nguzo kwa shilingi 48,000. Kwa kipimo cha Ulaya nusu ekari ingetosha kuku 500, kwa hiyo kwa 300 nafasi ilikuwa tele. Vifaranga waliingia mwisho wa Julai kwa shilingi 110 kila mmoja, ili Krismasi iwakute wakubwa. Kijana wa dada yake aliajiriwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi.

Chanjo alizifuata vizuri: kideri, gamboro, ndui na taifodi ya kuku, kila moja kwa wakati wake. Hakuna mlipuko wowote uliotokea, na mfugaji aliyewahi kuamka akakuta kideri imelaza banda zima anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

## Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza makaa yalizimika usiku mmoja wa baridi na vifaranga wakapandana pembeni kutafuta joto. Waliokufa usiku huo na siku zilizofuata ni 17. Wiki ya tano maranda yalilowa chini ya chombo cha maji kilichovuja, kuhara damu kukaingia, na 11 wakaenda kabla dawa haijawakamata wengine.

Kisha wakafunguliwa nje, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nimelielewa vizuri. Nilifika saa nne asubuhi, mlango wa banda uko wazi. Kuku karibu wote walikuwa ndani ya hatua 10 kutoka mlangoni. Pale ardhi ilikuwa kavu na nyeupe kama ua lililofagiliwa, hakuna jani hata moja, na mavi yao yametapakaa juu yake. Kule mwisho wa wavu nyasi zilikuwa zimefika magotini, hazijaguswa. Nusu ekari ilikuwa imelipiwa, na kuku walikuwa wanatumia sehemu isiyozidi ukubwa wa sebule mbili.

Mama alinieleza huku akitazama juu. “Wanaogopa, daktari. Wakitoka tu, yule anashuka.” Mwewe alikuwa akizunguka juu ya mti wa jirani. Asili ya kuku ni msituni. Anapenda kuwa chini ya kivuli, na uwanja mtupu humtia hofu hata kama umejaa panzi. Waliothubutu kwenda mbali ndio walioliwa. Kati ya wiki ya 7 na ya 11, mwewe mchana na nguchiro jioni walichukua kuku 26. Wengine 5 walitoweka tusijue walikwenda wapi. Kutoka 300 wakabaki 241.

Kila mmoja kati ya wale 26 alikuwa ameshakula. Ukijumlisha bei ya kifaranga na chakula hadi wiki hizo, alikuwa amegharimu shilingi 280 hivi. Mara 26 ni 7,280. Yaani mwewe na nguchiro peke yao walibeba pesa nyingi kuliko hasara yote ya kundi.

Oktoba majogoo walianza kuwika na mabroka wakaanza kupita. Mmoja alitoa 750 kwa jogoo. Mama aliniuliza, nami nikamwambia Desemba atapata zaidi. Na kweli alipata: majogoo 118 walikwenda kwa wastani wa shilingi 950, na matetea 123 kwa 700. Jumla 198,200. Hoteli ya mjini iliyotajwa kwenye semina ilituma mtu mara moja. Alitaka kuku waliochinjwa na kusafishwa, wenye uzito mmoja, na malipo baada ya siku 30. Bei aliyotaja ilikuwa 900. Habari ya 1,500 hakuisikia mtu.

## Hesabu ya kweli ya kundi la kwanza

| Matumizi | Shilingi |
|---|---|
| Vifaranga 300 | 33,000 |
| Chakula cha vifaranga, magunia 10 ya kilo 50 | 37,000 |
| Chakula cha kukuzia, magunia 31 ya kilo 50 | 89,900 |
| Chanjo na dawa | 7,400 |
| Makaa na maranda | 6,500 |
| Mshahara wa kijana, miezi 5 | 20,000 |
| Wavu na nguzo, fungu la kundi hili | 6,000 |
| Usafiri na ushuru wa soko | 5,200 |
| Jumla | 205,000 |

Daftari lake lilikuwa na vifaranga, chakula na dawa tu. Kijana alilipwa kutoka pesa za nyumbani, makaa yalitoka kwenye gunia la jikoni, na wavu alishausahau. Fungu la wavu tulilipata kwa kugawa 48,000 kwa miaka minne, makundi mawili kila mwaka. Kila kuku aliyeuzwa alikuwa amegharimu shilingi 851. Matetea wote walikuwa wameuzwa chini ya gharama yao.

Alipoona 851 alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: “Basi ni lini ningeuza?”

## Shilingi za wiki moja

Bahati nzuri tulikuwa na jibu, kwa sababu kila Jumamosi alfajiri, kabla hawajala, tulikuwa tumepima kuku 20 kwa mizani ya kuning'iniza. Nilikuwa nikiandika uzito huo kwa mazoea tu. Safari hii tuliuweka kando ya chakula cha wiki hiyohiyo, tukajiuliza kuhusu kila wiki peke yake: kuku huyu wiki hii amekula shilingi ngapi, na ameongeza nyama ya shilingi ngapi?

Chakula cha kukuzia kilikuwa shilingi 58 kwa kilo, na kilo ya jogoo hai tuliikadiria kuwa 450. Wiki ya 10 kila kuku alikula gramu 420 za chakula cha kununua, yaani shilingi 24, na akaongeza gramu 120 za uzito, zenye thamani ya shilingi 54. Hapo kungoja kulikuwa na maana. Wiki ya 15 alikula gramu 560, shilingi 32, ukiongeza shilingi 4 za fungu lake la mshahara ni 36. Aliongeza gramu 80, ambazo pia ni shilingi 36. Sare kabisa. Wiki ya 19 alikula zaidi ya gramu 600, shilingi 37 bila mshahara, akaongeza gramu 45, shilingi 20 tu.

Kuku hakuwa mgonjwa wala mvivu. Mwili wake ulikuwa umefika pale ambapo chakula kingi kinatumika kuuendesha na kidogo kinajenga nyama. Kila kuku ana wiki ya namna hiyo. Kwa broila huja mapema na kwa ghafla, ndiyo maana kila mfugaji wa broila anaijua. Kwa kuku wa polepole huja taratibu, bila ishara, na kwa sababu hakuna kinachoonekana kuharibika, mtu hupitiliza wiki tano akidhani anaweka akiba.

Wiki hizo tano, ya 16 hadi ya 20, ziligharimu karibu shilingi 200 kwa kila kuku. Bei ya Desemba ilimwongezea jogoo shilingi 170 juu ya 780 ambazo angepata mapema Novemba. Tetea iliongezewa 100 juu ya 600. Jogoo alipoteza 30 kwa kungoja, tetea 100. Ukizidisha kwa idadi yao unapata karibu 15,800. Kundi lilelile, lenye vifo vilevile na mwewe yuleyule, lingeuzwa wiki ya 15 lingeacha faida ya shilingi 9,000 hivi. Sidai kwamba soko lingewameza kuku 241 kwa wiki moja bila bei kuteremka. Ila hata bei ingeshuka kidogo, hesabu ingebaki upande wake.

Lipo pia la soko lenyewe. Mnunuzi wa kuku sokoni hana mizani. Humwinua kuku, humpapasa kifua, hutazama kilemba na kipi, kisha hutaja bei. Gramu 200 za mwisho, zile za bei mbaya kuliko zote, mkono wake hauzisikii vizuri. Mama alikuwa akilipia kwa mizani na kuuza kwa macho.

## Kundi la pili

Aliweka vifaranga 200 katikati ya Februari 2024, badala ya wale 500 aliokuwa akiwaota. Uamuzi wa kwanza ulifanyika kabla hata ya kifaranga mmoja kuagizwa: alitafuta mnunuzi. Mama mmoja mwenye mkahawa wa barabarani alikubali majogoo 60, kwa awamu tatu za 20, shilingi 850 kila mmoja, pesa mkononi siku ya kupokea. Alitaka wawe na kilo 1.7 hivi. Hakutaka wakubwa zaidi. Jogoo wa miezi mitano, alisema, humlia makaa ya saa mbili sufuriani, na mteja wa njiani hangoji. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba wiki ya 15 ina mtetezi mwingine jikoni.

Matetea nao walipangiwa njia yao. Majirani wanaotaka mayai hulipa vizuri kwa tetea aliyechanjwa, aliyekaribia kutaga, kuliko mtu anayetaka nyama. Kwa hiyo walikaa hadi wiki ya 18, na wiki zile za ziada safari hii zilikuwa na mnunuzi wa kuzilipia.

Malisho yaligawanywa vipande vitatu, kuku wakahamishwa kila baada ya wiki mbili. Katikati zilipandwa ndizi, na kabla hazijakua tulisimamisha vibanda vifupi vya magunia juu ya fito, hatua sita sita kati ya kimoja na kingine. Siku ya tatu kuku walikuwa wakikimbia kutoka kivuli hadi kivuli, na kwa mara ya kwanza nikawaona kule mwisho wa wavu. Mama aliongeza kanga wanne, ambao hupiga kelele kivuli cha mwewe kikipita tu. Mvua za masika zilikuwa kubwa mwaka huo, zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi nchini, basi vifaranga walizuiwa ndani hadi mwisho wa wiki ya 7 na maranda yakageuzwa kila siku. Vifo na wizi wote vilikuwa 21. Kundi la kwanza lilikuwa limepoteza kuku mmoja katika kila watano, hili mmoja katika kila kumi.

Chakula cha kukuzia alikichanganya mwenyewe: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya, omena, chokaa na madini ya kuku. Omena ilibidi inunuliwe Machi. Uvuvi wake ziwani Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na aliyengoja Mei hununua kwa bei ya aliyeweka akiba. Gunia la kwanza tuliletewa likiwa zito kuliko lilivyoonekana. Mama hakusema kitu. Alichota bakuli moja, akamimina kwenye beseni la maji, akakoroga kwa mkono. Omena zikaelea. Chini pakabaki mchanga, tabaka nene la kufunika kucha. Tulipopepeta gunia zima la kilo 25 tulitoa kilo 4 za mchanga. Tangu siku hiyo hanunui bila beseni.

Soya ilitutia hasara ya aina nyingine. Soya mbichi huzuia tumbo la kuku kusaga protini, sharti ikaangwe. Kijana aliikaanga haraka, juu hudhurungi na ndani mbichi. Wiki ya 10 na ya 11 uzito karibu usimame. Tulihangaika na minyoo kwanza, hadi Mama alipopasua punje kwa meno akasikia ladha ya maharage mabichi. Kosa hilo lilisukuma awamu ya kwanza ya mkahawa mbele kwa wiki moja, na kama mwenye mkahawa asingekuwa mvumilivu tungempoteza.

## Matokeo

Kuku 179 walifika mwisho. Majogoo 60 walikwenda mkahawani kwa 850, na 26 sokoni kwa 780. Matetea 70 waliuzwa kwa 850. 23 alibaki nao, tukawaandikia 700 kila mmoja. Jumla 146,880. Matumizi yote, pamoja na mshahara, wavu, ndizi na vibanda, yalikuwa 124,300. Faida shilingi 22,580, karibu 126 kwa kila kuku, kwa kazi ya miezi minne na nusu.

Si utajiri. Ni kama shilingi 5,000 kwa mwezi kutoka nusu ekari ambayo hapo awali ilikuwa mahindi. Lakini ni pesa za kweli, na gharama ya kuku mmoja ilishuka kutoka 851 hadi 694.

## Kilichofaa na kisichofaa

Watu huniuliza kama ni malisho ndiyo yaliyomwokoa. La. Kwa kila kuku, kilo za chakula cha kununua hadi wiki ya 15 zilikuwa karibu zilezile katika makundi yote mawili. Malisho mazuri yaliwapa kuku afya, rangi ya nyama na utulivu, na yaliwaficha wasionwe na mwewe. Gunia hayakulipunguza. Kilichopungua ni bei ya kilo, kutoka 58 hadi 47, kwa kuchanganya nyumbani. Kwa kilo 800 zilizotumika, hiyo ni shilingi 8,800. Nadhani msemo wa “kuku hujitafutia nusu” umeharibu mitaji mingi magharibi mwa Kenya, kwa sababu ni kweli kwa kuku 20 na unaendelea kurudiwa kwa kuku 300. Kumbikumbi walipotoka na mvua, ndiyo, kuku walishiba siku mbili tatu. Siku mbili tatu.

Uamuzi uliolipa kuliko yote ni kutenganisha majogoo na matetea, kila mmoja na tarehe yake na mnunuzi wake. Katika kundi la kwanza walikuwa kitu kimoja kinachoitwa “kuku wa Desemba”, na tetea alikula mezani pa jogoo kwa wiki tano bila kulipa.

Lililoshindikana kabisa ni kilimo hai. Mama alilitaka kwa dhati, nami pia. Afrika Mashariki ina viwango vyake vya mazao hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kuithibitisha kwa uhakiki shirikishi, wao wenyewe wakikaguana katika kikundi, bila kulipia mkaguzi wa mbali. Tulikaa na kikundi kimoja mchana kutwa. Dawa iliyotibu kuhara damu haikuwa tatizo kubwa kama alivyodhani: kanuni za kilimo hai hazimwachi mnyama ateseke, na hata Ulaya hutaka muda wa kungoja baada ya dawa kabla ya kuchinja uwe mara mbili ya ule wa kawaida. Chanjo nazo hukubaliwa pale ugonjwa unapojulikana kuwepo. Kizuizi kilikuwa gunia. Chakula cha vifaranga cha dukani si hai. Mahindi yake yalitoka kwa majirani wanaotumia mbolea ya dukani na dawa za magugu. Kuku anaweza kutembea kwenye nyasi safi kabisa na bado akawa si wa kilimo hai kwa sababu ya kile kilichomo kwenye gunia. Huria ni mahali anapotembea. Hai ni kila anachokula tangu siku ya kwanza.

Tuliulizia mahindi na soya kutoka kwa wanakikundi. Mchanganyiko ungefika shilingi 62 kwa kilo badala ya 47. Kwa kilo 800 ni 12,000 zaidi, shilingi 67 kwa kila kuku, na hapo hatujagusa chakula cha vifaranga. Mama akaenda kwa mwenye mkahawa kumuuliza kama angeongeza 100. Jibu lilikuwa la adabu na la wazi: “Dada, wateja wangu huniuliza kama ni kienyeji. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuku alikula nini.”

Akaamua kutoitumia alama, wala neno lenyewe. Huuza kuku huria, na akiulizwa anaeleza wanakula nini. Kuna wafugaji wengi wanaoandika “organic” kwenye bango la lango huku gunia la dukani likiwa limeegemea ukuta nyuma yao, na ninamheshimu kwa kukataa. Kikundi hakijamfungia mlango. Majirani watatu wameanza kulima soya bila dawa, na mnunuzi atakayetaka kulipia akijitokeza, hesabu yake iko tayari daftarini.

## Kundi la tatu

Lilibaki swali la Desemba, maana bei yake ni nzuri kweli na ilimuuma kuiacha. Jibu alilipata mwenyewe kwa kuhesabu vidole mlangoni pa banda, kurudi nyuma kutoka katikati ya Desemba, wiki kumi na tano. Vidole vikasimama mwanzo wa Septemba. Mwaka uliotangulia alikuwa ameweka vifaranga Julai ili Krismasi iwakute wakubwa. Mwezi wa saba 2024 alilipa arubuni ya vifaranga 220, mapema kabla wengine hawajakimbilia, wafike Septemba tarehe 2. Kwenye ubao wa mlango aliandika kwa chaki tarehe ya kila Jumamosi ya kupima, na ile ya wiki ya 15 akaizungushia duara.